Mwaka uliojificha chini ya rangi

Kabarabara kenyewe kanatoka Oginga Odinga Street, Kisumu, kanapita fundi viatu na wauza simu wawili, kanaishia ukutani. Ukikohoa huku, kule wanakupa pole. Babu alishona nguo hapo miaka mingi, nami nikataka kujua kalianza lini.

Jamaa mmoja anayejiita mjuzi wa mji akanishauri: "Omera, andika 1898. Waingereza wa Kenya walikajenga pamoja na reli." Nikaandika, tena kwa mbwembwe, nikaisomea familia Krismasi. Shangazi, mwalimu mstaafu, hakuningoja nimalize ukurasa. "Mwanangu, reli ilifika hapa Desemba 1901, pakiitwa Port Florence. Na hapa palikuwa Uganda hadi 1902. Hata hilo jina Kenya koloni ililipata 1920. Hao Waingereza wako walitoka wapi?" Watoto walicheka mpaka soda ikawatoka puani.

Ofisini nilikotafuta karatasi za ploti niliambiwa "njoo kesho" siku tatu. Nauli na chai, kama elfu moja hivi, zikaenda.

Sasa, maduka ya zamani ya Wahindi mara nyingi yana mwaka uliochongwa juu, kwenye paji la jengo. Letu lilikuwa na rangi tu, koti juu ya koti, ya mwisho kijani cha tangazo. Wiki nzima nilikodoa macho saa sita mchana. Bure! Jua la utosini halitupi kivuli.

Usiku mmoja stima ikapotea. Askari wa zamu akamulika paka darini, mwanga ukapita kiubavu, nikaona mkia wa 9. Nusura nimkumbatie. Nikampa mia mbili, akaleta ngazi. Tochi tukailaza kabisa ukutani, mwanga ukiteleza juu ya plasta (ukimulika moja kwa moja huoni kitu, usijisumbue). Zikajitokeza polepole: 1, 9, 2... ya mwisho tukabishana. Mimi nasema 1, yeye 7, na ngazi inayumba.

Mwaka wa jengo si mwaka wa barabara, najua. Lakini ni duka la kona, na mlango wake unatazama huku kwetu, si Oginga Odinga. Mtu hafungui mlango pasipopita watu.

Nilimtumia Shangazi picha usiku huohuo. Akajibu: "Ni 7. Vaa miwani."