Nimewekewa figo, na saratani naichunga hivi

Dada yangu alinipa figo yake moja. Tangu siku hiyo nameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae, na dawa hizo hizo ndizo zinazoipa saratani nafasi. Kinga ikishushwa, seli zilizoharibika hazikamatwi mapema, na virusi ambavyo kwa mtu mwingine vingelala tu huamka. Kwa jumla, hatari yetu ni kama mara mbili hadi nne ya watu wengine. Daktari wa figo alinieleza hayo kabla ya upasuaji, na namshukuru hadi leo.

Kila mwezi, nikishaoga, najikagua penye mwanga wa kutosha: nyayo, katikati ya vidole, kucha, midomo, ndani ya mdomo, sehemu za siri. Napapasa shingo, makwapa na kinena kama kuna tezi zilizovimba. Wenye ngozi nyeupe huandamwa zaidi na jua, nami najikinga nalo, ila sisi weusi tusijidanganye. Kwetu saratani ya ngozi mara nyingi hutokea pale jua lisipofika. Mgongo siuoni, kwa hiyo dada hunisaidia.

Yeye ndiye aliyeliona baka, nyuma ya kifundo cha mguu. Lilikuwa dogo, la zambarau iliyokolea, haliwashi wala haliumi, na nikilibonyeza rangi haiondoki.

"Kaka, hili hukuwa nalo."

Sikungoja tarehe ya kliniki. Walikata kinyama wakapima, majibu yakasema saratani ya Kaposi, ile inayotokana na virusi vya HHV-8.

Hapo ndipo wengi hushawishika kuacha dawa kimyakimya. Ndugu yangu, usithubutu. Unaweza kuipoteza figo. Dawa za kushusha kinga hupunguzwa na daktari, kwa vipimo. Mimi aliniondoa kwenye takrolimasi, dawa mojawapo ya kushusha kinga, akaniweka kwenye nyingine, sirolimasi, ambayo huilinda figo na wakati huo huo hubana ukuaji wa uvimbe wa aina hii. Baka likaanza kufifia, likasinyaa, likabaki alama tu. Dawa hii nayo ina yake: vidonda vya mdomoni vilinisumbua, mafuta ya damu yakapanda, na kwa kuwa inaweza kuleta protini kwenye mkojo, napimwa mara kwa mara. Pia huchelewesha vidonda kupona, kwa hiyo anayetaka kuning'oa jino namwambia kwanza.

Wanawake waliopandikizwa wasiache kupima saratani ya mlango wa kizazi, maana virusi vya HPV vinavyoisababisha navyo hushamiri kinga ikiwa chini. Na zile figo zetu za zamani, ambazo kwa kawaida huachwa ndani, nazo zinaweza kuota saratani. Ukiona damu kwenye mkojo, usisingizie maambukizi kabla ya kupimwa.

Kliniki ikiwa na watu wengi, mazungumzo huishia kwenye kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, na presha. Mimi huvua viatu na soksi kabla sijaulizwa.