Petroli au dizeli: pikapu ya kuvutia boti huku Minnesota, Marekani

Shemeji yangu alinipigia simu usiku wa Jumapili, mwezi wa Machi, theluji bado imerundikana mlangoni. "Shemeji, nimepata pikapu ya dizeli. Jamaa anaiuza bei nzuri sana. Kesho naenda kuichukua, maana boti nimeshailipia." Nikamwambia asitoe hata senti mpaka tukae chini tuongee.

Dizeli siipingi. Ndiyo inayonilisha. Mwaka wa tisa huu naendesha lori la magurudumu 18, na nikifumba macho naweza kukuambia kwa mlio tu injini ikianza kulemewa mlimani. Lakini kosa alilotaka kulifanya shemeji nilishalifanya mimi kabla yake, na lilitunyima kwenda ziwani kiangazi kizima. Wenzetu wengi wa pwani tuliohamia huku tunarudi kwenye uvuvi mara tu tunapojiweza kidogo, kwa hiyo naona bora niliandike lote hapa.

Kwanza tuelewane maneno. Huku ukisikia mtu anasema pikapu yake ni ya "gas", anamaanisha petroli, wala si gesi ya mtungi. Na kwenye vituo vingi mpini wa pampu ya dizeli ni wa kijani, ila si vyote, kwa hiyo soma maandishi kabla hujaingiza bomba kwenye tangi.

Sisi tumelelewa tukiamini kwamba gari la kazi ni la dizeli, na kwetu imani hiyo ni ya haki kabisa. Nilipokuwa mtoto Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, gari lililokuja kuchukua samaki lilikuwa Land Cruiser yenye ile injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo, yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Ilipita kwenye matope, ilikunywa mafuta yoyote yaliyopatikana, na fundi aliitengeneza chini ya mkorosho akiwa na spana chache. Mtu akibeba picha hiyo kichwani hadi Minnesota, akaona pikapu kubwa imeandikwa dizeli ubavuni, anadhani amekutana na ndugu yake yule yule.

Siye. Sheria za hewa chafu za Marekani zilikazwa mwaka 2007, zikakazwa tena 2010. Tangu hapo pikapu ya dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na nyingi zaidi zina tangi la pili la maji ya urea, ambayo sisi madereva tunayaita DEF. Chujio lile hukusanya masizi, kisha injini huyachoma masizi hayo ili kulisafisha. Ili yachomeke vizuri ekzosi lazima ipate moto mkali kwa muda wa kutosha, na moto huo unapatikana barabara kuu, gari likiwa na mzigo au likienda kasi bila kusimamasimama. Ukiliendesha dakika 10 kwenda dukani na 10 kurudi, kila siku, halipati nafasi ya kujisafisha. Masizi yanajaa.

Ndivyo ilivyonikuta. Nilinunua pikapu ya dizeli ya mtumba, ile ya daraja la robo tatu ya tani kama wanavyoziita huku, yaani nzito kuliko pikapu ya kawaida, kwa sababu ya boti ya futi 20. Boti yenyewe tuliitoa Jumamosi chache za kiangazi. Siku nyingine zote mke wangu ndiye aliyeiendesha pikapu: kupeleka watoto shule, kazini dakika 12 kutoka nyumbani, msikitini Ijumaa. Majira ya baridi yalipoisha taa ya machungwa ikawaka, injini ikakata nguvu, na gereji ikaniandikia dola 2,800. Pesa hizo nilikuwa nimeziweka za boti. Mwaka ule hatukwenda ziwani hata mara moja, na baba alipouliza kwa simu samaki wa huko wakoje, sikuwa na la kumwambia.

Halafu kuna baridi. Dizeli ina nta ndani yake. Mnajua mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi za Julai? Ndivyo dizeli inavyofanya ikipigwa na baridi kali, ila yenyewe haihitaji kuganda yote. Vipande vidogo vya nta vikiziba filta, basi. Nimewahi kuifungua filta alfajiri, nyuzi 28 chini ya sifuri, nikakuta ndani kitu kama samli ya jana, cheupe, kizito, kinang'ang'ania kidole. Vituo vya Minnesota huuza dizeli iliyochanganywa kwa ajili ya baridi, na jimbo lenyewe linapunguza kiasi cha mafuta ya mimea kwenye dizeli kutoka asilimia 20 ya kiangazi hadi 5 ya majira ya baridi. Lakini ukijaza tangi Oktoba kisha ukaliacha gari nje hadi Januari, unabaki na mafuta ya Oktoba. Maji ya urea nayo huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Gari lina kipasha moto chake cha kuyayeyusha, na injini utaichomeka kwenye umeme usiku ili iwake asubuhi. Ni kazi inayofanyika, mimi naifanya kwenye lori kila mwaka. Ila huwezi kumwachia mtu anayetaka tu kuwahi zamu ya saa kumi na mbili.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kila mtu anasema dizeli inakula kidogo. Kweli, galoni moja ya dizeli ina nishati zaidi ya petroli, kama asilimia 13 hivi, na injini yake inaitumia vizuri. Nikivuta boti yangu na dizeli nilipata maili 13 kwa galoni. Na pikapu ya petroli niliyonayo sasa, yenye turbo mbili, napata 10. Tofauti inaonekana kubwa. Nikamwambia shemeji alete kalamu. Safari 12 kwa msimu, kila safari maili 240 kwenda na kurudi, jumla maili 2,880. Petroli: galoni 288, kwa dola 3.10 ya mwezi ule, ni dola 893. Dizeli: galoni 221.5, kwa dola 3.80, ni dola 842. Tofauti ni dola 51 kwa mwaka mzima. Na ukinunua pikapu kubwa mpya, injini ya dizeli peke yake inaongeza karibu dola 10,000 kwenye bei. Bado hujabadilisha oili, maana dizeli hizi kubwa zinameza kama lita 10 hadi 12, ilhali yangu ya petroli inatosheka na 6.

Shemeji akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini nguvu, shemeji. Nguvu je?"

Nguvu ipo, na nisingependa mtu aichukulie kirahisi. Dizeli ya lita 6.7 ya Ford, kwa mfano, ya mwaka 2020 ina msukumo wa 1,050 kwa vipimo vyao vya pauni na futi, na inautoa mizunguko ya injini ikiwa bado chini ya 2,000. Petroli ya turbo ya lita 3.5 kwenye F-150, pikapu ya kawaida ya Ford, inatoa 500 kwenye mizunguko kama 3,100. Maana yake ukipanda mlima, dizeli inapanda kimya, na petroli inashusha gia na kupiga kelele. Zote mbili zinafika. Kwa boti yangu, ambayo pamoja na trela, mafuta, nanga na makorokoro yote ni pauni 4,600, yaani kama kilo 2,090, sijawahi kukosa kitu kwenye petroli zaidi ya utulivu.

Namba ambayo karibu kila mtu anaipita bila kuiangalia iko kwenye kibandiko ndani ya fremu ya mlango wa dereva. Imeandikwa uzito ambao pikapu yenyewe inaweza kubeba, watu na mizigo pamoja. Tangazo litakuambia pikapu inavuta pauni 13,000. Lakini trela huegemeza sehemu ya uzito wake kwenye mkia wa gari, na kwa usalama hesabu ni kama asilimia 10. Uzito huo unaingia kwenye namba ya kibandiko. Changu kinasema 1,650. Ondoa 460 za boti, ondoa watu watano wa nyumbani kwangu wenye pauni 800 kwa pamoja, ondoa barafu, nyavu na chakula kwa 250. Zimebaki 140. Na ajabu yenyewe ni hii: pikapu kubwa ya dizeli yenye viti vya ngozi na milango minne inaweza kuandikwa 2,100 tu, kwa kuwa injini ya dizeli ni nzito mno na imeshaula uzito ule kabla hujapanda. Ukubwa wa gari usikudanganye, soma kibandiko.

Waliowahi kufanya kazi ya lori kwetu wanaikumbuka mizani ya Mariakani. Huku mizani ya umma iko kwenye vituo vya malori, na kwa dola chache utapimwa na kupewa karatasi, pikapu peke yake na trela peke yake. Hakuna askari, ni kwa faida yako mwenyewe. Jumamosi iliyofuata tukaikodi pikapu kubwa, tukaifunga boti ya shemeji, tukaipandisha kwenye mizani. Yeye aliambiwa na muuzaji kwamba ina pauni 7,000. Karatasi ikatoka na 8,900. Muuzaji alitaja boti kavu, bila trela, bila mafuta, bila injini ya pili. Shemeji aliishika karatasi ile akaisoma mara tatu.

Pale ndipo shauri langu kwake lilipogeuka. Boti ya futi 26, pauni 8,900, haiwezi kuvutwa na pikapu kama yangu ikiwa na familia ndani, hata tangazo liseme nini, kwa sababu mkia peke yake utachukua karibu pauni 900. Anahitaji pikapu kubwa, hilo halina mjadala. Nikamuuliza siku zake nyingine zinakwendaje. Na shemeji, ambaye mimi nilikuwa nimeshasahau kumuuliza jambo hilo la msingi, kazi yake ni kununua magari mnadani na kuyaleta kwa trela kutoka Wisconsin na Iowa. Kila wiki yuko barabara kuu na mzigo, masaa matatu au manne bila kusimama. Chujio lake halitajaa. Dizeli ni yake, na boti wala siyo iliyoamua, ni trela la magari.

Lakini si ile aliyotaka kuichukua. Bei yake ilikuwa nzuri kwa sababu mwenyewe alikuwa amelikata chujio na mfumo wa urea, akajisifu kwamba "haisumbui tena". Kwetu fundi anakufanyia hivyo mchana kweupe. Huku ni kinyume cha sheria ya shirikisho, na ukitaka kuirudisha ilivyokuwa utalipa maelfu. Ukienda kuangalia dizeli ya mtumba, inama uvunguni na tochi. Ukiona bomba jipya lililonyooka pale panapotakiwa kuwa na mtungi mnene wa chuma wa chujio, shukuru, ondoka. Alipata nyingine wiki tano baadaye, ghali kidogo, yenye kila kitu chake.

Juni tukaenda Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ni kubwa kuliko Victoria, na maji yake ni baridi ya kuuma mfupa hata kiangazi. Ukitoka Minneapolis kwa barabara ya I-35, karibu na Duluth unafika kilele cha Thompson Hill, na ghafla ziwa lote liko mbele yako, na barabara inaporomoka kuelekea mjini. Shemeji aliendesha, mimi pembeni. Akawasha breki ya ekzosi, ile inayopunguza mwendo kwa kutumia injini yenyewe, injini ikavuma kwa sauti nzito, na pauni zote zile zikashuka nyuma yetu taratibu, mguu wake ukiwa umeelea juu ya breki bila kuikanyaga. Kwa petroli yangu na boti ile ningekuwa nanusa breki zikiungua kabla ya kufika chini. Nilifurahi kwa ajili yake.

Tukashushia McQuade, bandari ndogo kati ya Duluth na Two Harbors. Alirudi nyuma polepole hadi magurudumu ya nyuma ya pikapu yakagusa zege lililolowa, lenye utelezi wa kijani, na nikapiga yowe.

"Simama! Kizibo!"

Sheria ya Minnesota inataka usafirishe boti kizibo cha maji kikiwa kimetolewa, ili usihamishe kome na magugu kutoka ziwa moja hadi jingine. Shemeji alishuka akijipapasa mifuko yote, akakipata kwenye koti, kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba. Akachuchumaa nyuma ya boti, akakikaza kwa mkono, akakirudia tena kwa spana, kisha akanipungia kwamba nishike usukani niirudishe gari nyuma.