Siku Doa Alipomkabidhi Mama Funguo

Jana binti yangu aliniuliza kwa nini mbwa wetu Doa huganda na kiatu mdomoni mpaka mtu anyooshe mkono, wakati mbwa wa jirani hukitupa tu chini na kukimbia. Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake lilinirudisha kwenye alasiri ile ya mama na funguo.

Doa alikuwa bado mdogo. Mazoezi ya kuleta kitu na kukikabidhi mkononi tulikuwa tumeyasimamisha kwa muda alipokuwa anang'oa meno ya utoto, kwa sababu fizi zikiuma mbwa hujifunza kuchukia kushika kitu. Tulipoanza tena tulianzia mwisho: nilimkalisha mbele yangu, nikampa kitambaa kilichoviringishwa, nikamsifu akiwa bado amekishika, kisha ndipo nikasema "achia". Mbwa anayesifiwa baada ya kuachia tu hujifunza kwamba faida iko katika kutema, na akikiona chakula mapema, hutema hata kabla hajafika. Umbali uliongezwa baadaye, hatua kwa hatua. Alipokuwa akinijia nilirudi nyuma badala ya kumfuata, kwani ukimfuata mbwa mdogo aliye na kitu mdomoni, huo kwake ni mchezo wa kukimbizana. Mkono nao niliupitisha chini ya kidevu. Mkono unaomshukia kutoka juu ya kichwa humfanya ajikunyate na kudondosha.

Funguo zilikuwa ngumu kuliko vyote, kwa kuwa mbwa wengi hawapendi chuma mdomoni. Nilizifunga kwenye mkanda mfupi wa ngozi, akazoea kuushika mkanda huo.

Mama alikuwa ametazama mazoezi hayo yote akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, bila kusema neno. Alasiri ile funguo zilimponyoka zikaingia chini ya meza. Nilikuwa mlangoni, nikainua mguu ili niende kuziokota, lakini mama alinizuia kwa macho. "Doa, leta," alisema kwa sauti ndogo, tofauti kabisa na yangu.

Doa aliingia chini ya meza, akatoka na mkanda kati ya meno ya mbele, funguo zikigongana kidevuni. Alifika kwenye gurudumu akasimama, maana pale alipozoea kukuta miguu ya mtu palikuwa na vyuma vya kuwekea miguu. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akanitazama tena. Niligeuza uso pembeni, kwa kuwa kama angeyaona macho yangu angeniletea mimi. Niliposikia funguo zimetulia nikageuka: alikuwa amezunguka upande wa kiti, amenyoosha shingo, amelaza kidevu juu ya goti la mama, mate yakilowanisha khanga yake, na mkanda bado ameushika. Mkono wa mama ulikuwa ukitetemeka kama kawaida yake, na ulichukua muda kufika chini ya kile kidevu. Doa hakusogea wala hakutafuna. Vidole vilipougusa mkanda, mama hakuuvuta, aliacha mkono wazi, akampapasa sikio kwa mkono wa pili, akamwambia, "Vema, baba, vema." Kisha akasema, "Achia." Funguo zikatua kiganjani.

Kwa mtu anayeweza kuinama, kitu kuachwa sakafuni au kutiwa mkononi ni tofauti ndogo. Kwa mama, kitu kilichoangukia hatua moja mbele ya kiti kilikuwa mbali sawa na kilichoko chumba kingine, na hilo nililielewa vizuri zaidi siku ile kuliko nilipokuwa nikilifundisha.

Kama Doa alitambua kwamba mama hawezi kuinama, au alitafuta tu mkono mahali ulipokuwa, siwezi kusema kwa hakika, ingawa moyo wangu una upande wake. Ninachojua ni kwamba tangu wiki ile mama hakukubali tena nimwokotee kitu, hata nilipokuwa nimesimama karibu nacho kuliko Doa.