Ushiwakamaru kwenye daraja la Gojo: chapa ya mbao inavyotengenezwa

Ushiwakamaru ndilo jina la utotoni la Minamoto no Yoshitsune (1159–1189), shujaa wa vita wa Japani. Hekaya inasema alimshinda Benkei, mtawa mpiganaji, kwenye daraja la Gojo, Kyoto, wakati pande hilo la mtu limeshanyang'anya panga 999 na linawinda la 1,000. Yoshitoshi, msanii wa Japani wa chapa za mbao, alimchora kijana huyo katika mfululizo wake wa picha 100 za mwezi (1885–1892).

Yoshitoshi alichora tu. Kuchonga na kuchapa kulikuwa na mafundi wake. Mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha sehemu za ubao zilizo kando ya mistari huchimbwa, mistari ibaki imeinuka. Kila rangi, kwa kawaida, ina uso wake wa ubao.

Ugumu wenyewe uko kwenye kento, alama mbili zinazochongwa katika kila ubao: moja ya pembe, nyingine iliyonyooka. Karatasi huegemezwa hapo. Ikisogea milimita moja, rangi ya vazi inavuka mstari. Mara nyingi lawama si ya mkono bali ya unyevu: karatasi hulowanishwa kabla ya kazi, na ikikauka njiani husinyaa, basi kento haisaidii kitu.

Ukitaka kununua chapa kama hiyo, geuza karatasi kwanza uone nyuma. Rangi iliyosuguliwa kwa mkono huonekana imepenya karatasi. Kisha shika lenzi: ukiona vitone vidogo vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya mashine, hata fremu yake iwe nzuri namna gani.