Duara jeusi kwenye boksi

Leo nimeona moto ukizaliwa mbele ya macho yangu, kwenye mjengo wetu hapa Milimani, Kisumu.

Juzi tulimaliza taili za sebuleni. Ili zisikwaruzwe tukazifunika kwa plastiki ya kawaida na maboksi yaliyopasuliwa. Ndivyo tunavyofanya siku zote, maana ni rahisi kwa bei.

Saa nane hivi fundi wa vyuma akawasha grainda, akate reli za ngazi.

Cheche zikaruka. Moja ikatua kwenye boksi.

Hakukuwa na mwali.

Kulikuwa na kaduara keusi, kama shilingi kumi hivi, kakipanuka polepole, ukingo mwekundu kama sigara. Nikakatazama tu kama mjinga.

Aliyemwaga ndoo ya maji ni mama anayetuletea chai. Sisi wanaume sita tulikuwa bado tunaulizana mchanga uko wapi.

Baadaye foremani akatueleza kuna shiti za plastiki zilizotiwa dawa ya kuzuia moto. Cheche ikitua, panayeyuka kidogo halafu panajizima. Si kwamba haziungui kabisa. Kwa hiyo kazi inayotoa cheche ikiisha, lazima mtu abaki akiangalia angalau nusu saa.

Taili tatu zimebaki na doa la kahawia. Nimesugua mpaka jioni, wapi!

Mafundi wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, nyinyi mnafunika sakafu na nini? Na hizo shiti mnazitoa wapi?