Mwamuzi Apangiwe Mechi kwa Alama Zipi?

Ligi ikifika katikati ya msimu, lawama dhidi ya waamuzi hupamba moto, na dawa inayopendekezwa na wengi ni ile ile: waamuzi wapewe alama, wapangwe kwa ubora, kisha mechi kubwa ziwaendee wa juu peke yao. Alama hizo zipo siku nyingi. Kinachonisumbua mimi, ambaye hukaa jukwaani na fomu ya tathmini mkononi katika mechi za ngazi ya mkoa, ni uzito tunaozipa.

Tuchukue kipimo cha UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Kwa maandishi kinafika 10, lakini mwamuzi aliyechezesha kama ilivyotarajiwa hupata 8.3 au 8.4, na akifanya kosa moja la wazi lenye uzito, mathalani kuinyima timu penalti ya halali, hushuka hadi 7.9 hata kama dakika nyingine zote alikuwa sawasawa. Maana yake ni kwamba waamuzi wengi hutenganishwa na nusu alama tu, na ndani ya nafasi finyu kiasi hicho, mtathmini mkali na mtathmini mpole wanaweza kuwabadilishia nafasi waamuzi wawili ambao uwanjani hawakuzidiana chochote. Kwa hiyo siuamini wastani wa msimu unaojumlisha alama za watathmini tofauti kana kwamba zimetoka katika kalamu moja. Ni afadhali kamati ya waamuzi ianze kwa kuangalia kila mtathmini amewapangaje wale aliowaona yeye mwenyewe, ndipo ilinganishe.

Ugumu wa mechi nao una sehemu yake katika fomu: ya kawaida, ngumu, ngumu sana. Anayepangiwa kila wiki mechi zisizo na presha anaweza kukusanya 8.4 zake kimya kimya, ilhali mwenzake aliyepewa dabi ya Simba na Yanga hutoka na alama ya chini kwa kazi iliyomtaka kuwa imara zaidi.

Namba pia haisemi uamuzi ulifikiwaje. Katika mechi moja niliyoitathmini, mwamuzi wa kati alitoa penalti ambayo hata timu iliyoadhibiwa haikuipinga kwa dhati. Alikuwa nyuma ya tukio kwa mita zipatazo thelathini, na beki mmoja alikuwa amemziba. Kilichomwokoa ni mwamuzi msaidizi aliyeliona vizuri na kumwashiria. Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa hiyo alama haikushuka, lakini katika maelezo niliandika kwamba alichelewa kuanza kukimbia pale kiungo alipoinua kichwa kupiga pasi ndefu. Mpangaji wa mechi akisoma alama na kuyaacha maelezo, atampeleka kijana huyo kwenye mechi ya kasi ambako msaidizi huenda asione.

Kinyume chake, tukio moja baya halitoshi kumfuta mtu. Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Cameroon, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali katika dakika ya 85, akairudisha, kisha akaimaliza tena sekunde chache kabla ya dakika 90 kutimia. Baadaye alieleza kuwa joto lilikuwa limemzidi nguvu. Huyu ni mwamuzi aliyechezesha fainali ya mashindano hayo mwaka 2017 na mechi za Kombe la Dunia la 2018. Novemba ya mwaka huo huo wa 2022 alikuwa Qatar akichezesha Ubelgiji na Canada. Mashabiki wengi walishangaa. Mimi naona waliompanga walisoma kumbukumbu ya miaka, na wangekosea kama wangesoma dakika tano.

Klabu kuandika barua za kumkataa mwamuzi fulani kabla ya mechi ni jambo ambalo sitalipotezea maneno mengi: kamati ikikubali hata mara moja tu, orodha yake ya ubora imeshaandikwa na klabu.

Kwa ligi za mikoa zisizo na kamera, ningependa tuanze na simu moja iliyowekwa juu jukwaani, irekodi dakika zote, kisha mwamuzi apewe picha hizo pamoja na maelezo ya mtathmini kabla hajapangiwa mechi inayofuata. Leo wengi wao huijua alama yao kwa kusikia kwa wenzao.