Siku moja maishani mwangu: nyuma ya mwimbaji wa raga (mipangilio ya noti ya muziki wa jadi wa Kihindi), Pune, India

Saa kumi alfajiri. Desemba Pune baridi inauma, najitanda shali nakaa chini naanza na Sa, noti ya kwanza (Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni, kama do re mi), ile ya chini kabisa, naivuta tu mpaka pumzi iishe halafu naanza tena, kama dakika arobaini hivi, hakuna wimbo hakuna maneno. Mwaka wa tatu huu niko kwa Guruji, mwalimu wangu wa kuimba, na bado hii ndo kazi ya kwanza kila siku. Msiidharau jamani, sauti inajengwa hapo.

Saa mbili. Poha (mchele bapa) na chai, basi.

Saa nne. Leo siimbi, napiga tanpura, chombo cha nyuzi kinachovuma nyuma ya mwimbaji. Guruji ataimba Marwa, raga ya jua kuzama, na Marwa haina Pa kabisa, kwa hiyo uzi wa kwanza ambao kawaida ni Pa nautyuni uwe Ni. Nyuzi ni nne tu lakini nimekaa nazo saa nzima na ushee, maana pale zinapolalia kwenye kile kidaraja cha mfupa kila moja imewekewa kiuzi chembamba cha pamba chini yake, unakisogeza kiduchu, hata macho hayaoni, na uzi uliokuwa unalia dum mara unavuma kama mzinga wa nyuki. Hapo ndo raha yangu yote.

Saa tisa. Bajaji (kampuni yenyewe ya hukuhuku Pune), tanpura nimeipakata kama mtoto.

Saa kumi na mbili kasoro. Jukwaani. Kushoto kwake harmoniamu, kile kinanda ambacho watu wa taarab Mombasa mnakijua, kulia tabla (ngoma mbili ndogo), mimi nyuma. Kidole cha kati kinapiga uzi wa kwanza, cha shahada zile tatu, bila kusimama. Khayal (aina ya uimbaji) ya polepole, mapigo 12, mzunguko mmoja unakula karibu dakika nzima. Sasa sikieni, Sa ndo nyumbani kwa kila raga, lakini kwenye Marwa unaikwepa, Guruji anakaa kwenye Re, anapanda Dha, anarudi Re, na mimi vidole vyangu vinaita Sa, Sa, Sa na yeye haji. Kifua kinabana kabisa. Katikati uzi wa Ni ukalegea, nadhani joto la taa, nikaukaza kwa kuisukuma ile shanga iliyovishwa uzini chini ya kidaraja, mkono mwingine ukiendelea kupiga, Guruji akageuza shingo kidogo tu. Dakika kadhaa baadaye akaiteremkia Sa, akatulia pale, ukumbi mzima ukashusha pumzi, wazee wa mbele "wah!", mimi machozi.

Saa nne usiku. Njiani kurudi ananiuliza kwa upole, "Beta (mwanangu), ule uzi, ulisikia kabla yangu au baada?"

Baada, Guruji.

Akaitikia kwa kichwa. "Kesho saa kumi, uje na tanpura."